Futi 19 au futi 25? Maswali ya wavuvi wa wikiendi

SWALI: Tukichanga tunaifikia ile kubwa. Tuichukue?

Salaam wahariri. Mimi na rafiki zangu wawili tunavua kwa kujifurahisha, mara 2 au 3 kwa mwezi, tukitokea Msasani. Tumechoka kukodi boti za watu. Tumeona boti 2 za faiba zilizotumika. Ya kwanza ni futi 19, ina mashine moja ya farasi 60 isiyochanganywa oili kwenye petroli, na tela lake lipo. Ya pili ni futi 25, ina mashine 2 za farasi 100 kila moja, haina tela. Bei yake ni kama mara mbili na nusu ya ile ndogo, ila tukichanga tunaifikia. Mara nyingi tunavua upande wa Mbudya na Fungu Yasini, tukitafuta nguru na kolekole, lakini hamu yetu ni Fungu Kizimkazi kwenye jodari. Nina pikapu ya kuvutia tela na uwanja wa kuegesha Tegeta. Mwenzetu mmoja anasisitiza tununue kubwa moja kwa moja, eti bahari haina udogo. Mnatushaurije?
*Msomaji, Tegeta*

JIBU: Ndugu yetu, kwa bahari mnayoivua hasa, chukueni ya futi 19, na siku za Fungu Kizimkazi endeleeni kukodi. Mwenzenu hajakosea kuiogopa bahari. Kosa lake ni kudhani kwamba futi 6 za ziada zinaleta usalama tu. Zinaleta pia uzito na petroli, na zitawafanya mpange safari zenu kwa kuangalia mwezi, kama tutakavyoeleza.

Kwanza ukubwa wenyewe. Boti ikirefuka hupanuka na kuinuka vilevile, kwa hiyo ujazo wake haukui sambamba na urefu. Gawanya 25 kwa 19 upate 1.32, kisha izidishe yenyewe kwa yenyewe mara tatu: inakuja karibu 2.3. Hiyo ya pili, kwa maneno mengine, ni zaidi ya boti mbili za kwanza ndani ya umbo moja. Muuzaji hajawapunja kwenye bei. Ila mjue kwamba rangi, nanga, kamba, kazi ya fundi na jasho la kuisukuma vitafuata hesabu hiyohiyo ya mara mbili na zaidi.

Tuje kwenye petroli, maana ndiyo mtakayoilipia kila wikiendi. Mashine ya farasi 60 ya aina hiyo, ikiendeshwa kwa mwendo wa safari wa noti 17 hivi (noti 1 ni maili 1 ya baharini kwa saa), hunywa lita 13 kwa saa, kama robo tatu ya lita kwa kila maili ya baharini. Zile mbili za farasi 100 zikiwa kwenye noti 20 hunywa pamoja lita 44 kwa saa, yaani lita 2.2 kwa maili. Mkiburura mishipi taratibu, ndogo itakula lita 6 kwa saa na kubwa lita 11. Hizi ni hesabu za boti iliyo safi chini na yenye propela sahihi; ikiota majani, ongezeni.

Chukueni siku yenu ya kawaida: maili 25 za kwenda, kuzunguka na kurudi, na saa 4 za kuburura. Futi 19 itamaliza lita 43. Futi 25 itamaliza lita 99. Mkienda mara 30 kwa mwaka, tofauti ni takriban lita 1,700. Zidisheni kwa bei ya kituo chenu, halafu ulizaneni kama mtatoka mara 30 kweli. Wenye boti kubwa wengi tunaowajua waliishia kwenda mara 8. Boti ikifika hapo, mashine huharibika kwa kukaa kuliko kwa kufanya kazi.

Sasa Fungu Kizimkazi. Kutoka Msasani ni maili za baharini zipatazo 40, kwenda tu. Kule hakuna maji ya kunywa wala mtu wa kumwomba msaada. Ni kisiwa kidogo bapa cha mawe ya matumbawe, makao ya ndege wa baharini, na maji marefu pande zote. Kwenda na kurudi maili 80, jumlisha saa 5 za kuburura: futi 19 inahitaji lita 91 na futi 25 inahitaji lita 231. Mvuvi mwangalifu hugawa petroli mafungu matatu, moja la kwendea na kuvulia, moja la kurudia, moja haliguswi, kwa hiyo beba nusu zaidi ya unachotarajia kutumia. Zinakuwa lita 137 kwa ndogo na lita 347 kwa kubwa. Kwenye futi 19 hayo ni matangi 6 ya lita 25 yaliyopangwa sakafuni, kilo 100 na ushei za petroli ambazo zikianza kuteleza kwenye wimbi hakuna wa kuzishika. Inawezekana kwenda? Bahari ikiwa shwari kama kioo, ndiyo, na wapo wanaokwenda. Shaka yetu iko kwenye kurudi.

Hapo ndipo urefu wa boti unapofanya kazi yake. Upepo wa mchana wa noti 15 unaweza kuleta wimbi la mita 1 linalofuatana kila baada ya sekunde 4. Wimbi la namna hiyo lina mita 25 kutoka mgongo hadi mgongo, na linatembea kwa mita 6 kwa sekunde. Ukilikabili kwa noti 17, unakutana na mgongo mmoja kila baada ya sekunde 1 na nusu hadi 2. Boti ya futi 19 haiwahi kutua kutoka kwenye wimbi la kwanza kabla ya la pili kuipiga: omo, yaani pua ya boti, inaruka, inaanguka kwa kishindo, chano la vyombo linatawanyika, na kiuno cha aliyekaa mbele ndicho kinachomeza pigo. Mtapunguza hadi noti 9. Kwa mwendo huo boti ndogo imeshaacha kuteleza juu ya maji na inalima, omo juu, tezi (nyuma ya boti) chini, na inakunywa petroli nyingi zaidi kwa maili kuliko ilipokuwa kwenye noti 17. Futi 25 yenye omo kali itabaki na noti 14 au 15. Maili 40 kwa noti 9 ni saa 4 na nusu. Kwa noti 15 ni saa 2 na dakika 40. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mnaingia Msasani kukiwa na mwanga au gizani.

Mwelekeo nao muuangalie. Kwenye pwani yetu mkondo mkubwa huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo wa kusini, huzidi kasi. Kusi ikivuma, upepo na mkondo vinakwenda karibu njia moja, mawimbi yanakuwa marefu; mnatoka mkiyakabili kwa upande wa kulia wa omo na mnarudi yakiwasukuma kwa nyuma. Wimbi la nyuma linahadaa. Boti inaonekana kuteleza vizuri, kumbe kwenye mteremko omo inachimba, tezi inapita pembeni, na mnajikuta ubavu uko kwenye wimbi linalofuata. Boti fupi hugeuzwa hivyo haraka zaidi. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ina ubaya wa aina nyingine: inapuliza kinyume cha mkondo, na wimbi linafupika na kusimama wima hata kama upepo si mkubwa. Kwa futi 19 tunawapa kipimo kimoja. Kabla hamjatoka nje ya visiwa, mkiona povu jeupe kila mnakotazama, geuzeni. Jodari mtawafuata siku nyingine.

Kuna jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi. Chambo bandia vingi vya jodari na sulisuli huburutwa kwa noti 6 hadi 8. Kila boti ina mwendo ambao ikiufikia bila kupanda juu ya maji huanza kupanda mlima wa wimbi lake yenyewe, na mwendo huo hutegemea urefu uliogusa maji: mzizi wa futi hizo mara 1.34. Futi 19 yenye futi 17 majini inafika hapo kwenye noti 5.5, futi 25 yenye futi 23 majini kwenye noti 6.4. Ndiyo maana ndogo ikiburura kwa noti 7 hukaa tezi chini na nahodha haoni mbele, na povu la mashine huvuruga vyambo viwili vya karibu. Kwa nguru na kolekole mnaweza kushuka hadi noti 5 na samaki wakala vilevile. Tatizo linakuja kwenye jodari pekee.

Na kwa kuwa mmetaja Mbudya na Fungu Yasini: hizo mbili, pamoja na Bongoyo na Pangavini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Ndani ya mipaka yake hakuvuliwi. Pitisheni mishipi nje, kwenye mteremko wa maji marefu. Na nguru wenyewe hupenda kupita huko nje.

Mwezi sasa. Dar es Salaam maji ya bamvua (siku za mwezi mpya na mwezi mpevu) hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za bamvua maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni, na kupwa saa 4 au 5 asubuhi. Hiyo ni ratiba ya mvuvi kabisa: unashusha boti maji yamejaa, unarudi yamejaa tena. Lakini wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanapinduka, maji yanajaa kuelekea saa 4 asubuhi na kupwa alasiri. Futi 19 na tela lake, mafuta na vyombo, vyote havizidi kilo 1,300 hivi. Pikapu ya magurudumu manne inashuka nayo mchangani hata maji yakiwa nusu, na watu watatu wanaweza kuizungusha kwa mikono ikikwama. Futi 25 ni kilo 1,600 za faiba, kilo 340 za mashine, kilo 220 za petroli, vyombo, na tela la ekseli mbili ambalo hamna na litakaribia kilo 550 peke yake. Jumla inagusa kilo 2,900. Kwenye mchanga mlaini uzito huo unaizika pikapu hadi kwenye bampa, na maji ya chumvi yanapanda. Boti hiyo ni ya kufungwa kwenye boya mwaka mzima, na boya maana yake ni mlinzi, rangi ya kuzuia majani chini kila mwaka, na mtu wa kwenda kufua maji ya ngama (yanayojikusanya chini ya sakafu ya boti) baada ya mvua za masika. Kama hamna boya na mlinzi, uwanja wako wa Tegeta hauisaidii kitu futi 25.

Mkikubaliana na futi 19, msilipe kabla ya kufanya haya.

Pandisheni mashine hadi mwisho wa kuinuka, watu wawili waukandamize mguu wake kuelekea chini, wa tatu aangalie ubao wa nyuma unaoibeba. Ukicheza hata kidogo, mbao iliyofunikwa ndani ya faiba imeoza. Gongeni ubao huo kwa mpini wa nyundo ya plastiki, kuanzia juu kushuka: penye uzima panasema ko, ko, penye kuoza panasema bu. Kisha fungueni skurubu moja ya chini kabisa, ile inayoshika kipima-kina mara nyingi. Ikitoka na maji ya rangi ya chai, acheni boti hapo ilipo. Kubadilisha ubao wa nyuma ni kukata boti na kuijenga upya.

Pelekeni boti na tela kwenye mizani ya magari. Kama ni tupu, bila petroli na vyombo, isizidi kilo 1,100 kwa faiba ya kawaida ya ukubwa huo. Ikizidi kwa kilo 150 au 200, povu lililojazwa chini ya sakafu limenyonya maji, na maji hayo hayatoki kwa kuanikwa juani.

Tatu, ishusheni majini, simameni wote watatu nyuma kabisa karibu na mashine, mfungue vizibo vya matundu ya kutolea maji sakafuni. Maji yakiingia na kufunika vidole ni jambo la kuvumilika. Yakifunika kiatu, sakafu iko chini mno na wimbi likiingia halitatoka lenyewe.

La nne ni hilo povu lenyewe. Kwa sheria za Marekani boti ya mashine ya nje iliyo chini ya futi 20 lazima ijazwe povu la kutosha ili hata ikijaa maji ibaki imelala sawa juu ya maji, watu waishikilie. Kuanzia futi 20 sheria hiyo haigusi. Ndiyo maana futi 19 iliyotengenezwa kwa kiwango hicho inaweza kuelea ikiwa imejaa pomoni, ilhali futi 25 isiyo na povu inakwenda chini na mashine zake mbili. Mwenzenu anayesema bahari haina udogo aisome mara mbili aya hii. Kama boti imetengenezwa kienyeji, ulizeni kama povu limo na ni la aina isiyonyonya maji. Nusu ya mita moja ya ujazo ya povu hubeba kama kilo 480.

Mwisho, mwombeni muuzaji cheti cha usajili na cha ukaguzi vya TASAC, shirika linalosimamia vyombo vya majini Tanzania, na namba zilingane na zilizoandikwa ubavuni.

Ni lini tungesema futi 25? Kama mngekuwa watu 5 kila safari, kama mngekuwa na boya lenye ulinzi, na kama Fungu Kizimkazi ingekuwa safari ya kila mwezi badala ya hamu ya mara 2 kwa mwaka. Kwa mara 2, kodini na nahodha wake. Yeye ndiye atakayekesha akisikiliza kama ngama inajaa.

SWALI: Mashine moja kubwa au mbili ndogo?

Hamjambo. Nina boti ya futi 23 hapa Kilifi, mashine yake imechoka. Fundi mmoja ananiambia niweke moja ya farasi 150, mwingine anasema niweke mbili za farasi 75 kwa usalama. Natoka nje ya mwamba, maili 8 hadi 12. Yupi mkweli?
*Msomaji, Kilifi*

JIBU: Wote wawili, ila wa pili hajamaliza kusema. Mashine mbili zinakuwa mbili pale tu kila moja inapokuwa na tangi lake, mpira wake wa petroli, chujio lake na betri yake. Boti nyingi tunazoziona zina mashine mbili zinazonyonya tangi moja kupitia chujio moja. Na kinachozima mashine baharini mara nyingi si pistoni. Ni petroli chafu au yenye maji. Maji yakifika kwenye chujio hilo, ya kushoto inazima, na dakika 2 baadaye ya kulia inaifuata. Umelipia mashine mbili, umepata moja.

Jambo jingine, msitarajie kwamba moja ikifa nyingine itawarudisha kwa mwendo ule ule. Farasi 75 peke yake haiwezi kuipandisha futi 23 iliyobeba watu juu ya maji; mtarudi kwa noti 6 au 7, na ile iliyokufa lazima ipandishwe isiburute. Kwa maili 12 hiyo ni saa 2. Inatosha kabisa, ilimradi ujue mapema na usianze kuikaba koo ile nzima ukaiua nayo.

Kwa umbali wako tungeweka moja ya farasi 150 na pembeni kimashine cha farasi 9.9 au 15 chenye tangi lake dogo la lita 12. Hicho kitakusukuma kwa noti 5 bahari ikiwa ya wastani. Faida yake nyingine ni kwamba unahudumia mashine moja kubwa badala ya mbili: oili mara moja, plagi mara moja, mpira wa pampu ya maji mara moja. Ubaya wake ni kwamba watu hawakiwashi. Kikae miezi 6 bila kuwashwa, siku ya shida utavuta kamba mpaka mkono ukufe ganzi. Kiwashe kila safari, rudi nacho maili ya mwisho ukiwa unaingia mlango wa mwamba.

Fundi akishamaliza, msipokee kazi kabla ya kuipima propela. Pakieni watu na petroli ya siku ya kawaida, fungueni gesi yote, someni mzunguko. Mashine nyingi za sasa zinataka kufika kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Kitabu cha mashine yako kitasema hasa. Ikiishia 4,600, propela ina mkunjo mkali mno (mkunjo ni inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) na mashine inajikaza kama baiskeli iliyo kwenye gia ngumu mlimani. Kila inchi moja ya mkunjo ukiipunguza, mzunguko hupanda kwa 150 hadi 200. Mashine isiyofikia mzunguko wake hujaza masizi na hufa mapema, na mwenyewe atalaumu petroli.

SWALI: Ziwani futi 16 si inatosha?

Shikamooni wahariri. Mimi ni mama wa hapa Mwanza, navua sangara na wanangu wawili wakubwa Jumapili. Tunafikiria boti ya futi 16 yenye farasi 40, lakini jirani anauza ya futi 19. Ziwa si bahari, futi 16 si inatosha?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Marahaba mama. Ziwa si bahari kweli, na wakati mwingine ni baya kuliko bahari. Halina wimbi refu la kukuinua taratibu. Upepo ukianguka, wimbi linakuja fupi na lenye kona, na futi 16 inaingia katikati ya mawili. Dhoruba za radi hujengeka juu ya ziwa usiku na kufika alfajiri, saa ileile mnayotoka. Kabla ya kusukuma boti, zimeni taa na mtazame upande wa ziwa kwa dakika 10. Radi ikimulika, hata kimyakimya, rudini mkanywe chai.

Urefu kwenu si kitu cha kwanza. Chukueni futi kamba mpime upana wa katikati na kimo cha ubavu kutoka majini hadi ukingoni mkiwa wote watatu ndani. Futi 16 yenye upana wa mita 1.9 na ubavu wa sentimita 55 tunaipenda kuliko futi 19 iliyo nyembamba kama mtumbwi. Kama hamtoki nje ya Ghuba ya Mwanza, futi 16 pana inawatosha. Mkivuka kwenda visiwani, chukueni ya jirani.

Mashine mjue hili: Mwanza iko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mashine hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Farasi 40 zenu zitafanya kazi ya 35 au 36. Boti ikitoka Dar es Salaam na propela yake, mtaiona nzito. Mshusheni mkunjo kwa inchi 1 au 2. Na kabla ya kununua pimeni kimo cha ubao wa nyuma. Sentimita 38 unataka mashine ya mguu mfupi, sentimita 51 mguu mrefu. Mguu mfupi kwenye ubao mrefu hunyonya hewa kila mkikata kona, mashine inapiga kelele na boti haisogei.

Sangara anataka mwendo wa pole, noti 2 au 3, na farasi 40 ikiwa kwenye gia hata bila gesi hukimbia kuliko hapo. Fungeni ndoo moja kila upande wa tezi kwa kamba fupi ziburute maji. Inapunguza mwendo bila kuidhuru mashine. Fupi hasa, isifikie propela. Magugumaji yakiwa mengi, macho kwenye mashine inavyokojoa. Ule mchirizi wa maji ukififia, zima hapo hapo, pandisha mguu, toa majani yaliyoziba matundu. Dakika 3 za kuendesha mashine isiyokojoa zinatosha kuyeyusha mpira wa pampu.

SWALI: Petroli iliyokaa

Boti yangu imekaa tangu Aprili kwa sababu ya kusi, tangi lina nusu. Niwashe tu? *Msomaji, Bagamoyo*

JIBU: Usiwashe. Tangi lililobaki nusu kwa miezi limevuta unyevu juu ya mafuta, na maji hayo yamezama chini, palepale mpira unaponyonyea. Nyonya lita 1 kutoka chini kabisa ya tangi uitie kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache dakika 15 isimame. Ukiona mstari, kilicho chini ya mstari ni maji. Ikiwa ipo hata robo ya kikombe, mwaga tangi lote kwenye madumu, lifute, badilisha chujio la kutenganisha maji, jaza mapya. Ya zamani ikichujwa vizuri inaweza kumalizwa kidogokidogo kwenye pikipiki, siyo kwenye mashine ya boti. Mwakani ukiiegesha, lijaze tangi karibu lote, au limalize kabisa.